Kijana wa bao amewapunja wazee: barua za hesabu kutoka Amu, Shela na Malindi

Barua za safari hii nyingi zimetoka Amu mjini na Shela, na moja imepanda basi kutoka Malindi. Nimechagua zenye hesabu ndani yake. Walioniuliza bei ya kikokotoo wakaulize dukani. Majina sichapishi, hilo mwalijua.

*Shikamoo Mwalimu. Toleo lililopita uliuliza: ni namba zipi n ambazo 2ⁿ − 1 inagawanyika kwa 7 bila salio? Nilijibu: zote zinazogawanyika kwa 3. Ndilo jibu ulilolichapisha mwenyewe, lakini kwenye karatasi yangu umeandika "nusu". Nusu ya nini?*
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Langoni*

Marahaba, mwanangu. Nusu ya kazi. Karatasi yako ninayo hapa mezani. Umeandika 2³ − 1 = 7, 2⁶ − 1 = 63, 2⁹ − 1 = 511, 2¹² − 1 = 4,095. Zote nne zinagawanyika kwa 7, na hesabu zako safi. Halafu ukapiga mstari kwa rula na kuandika "kwa hivyo zote". Ugomvi wangu ni na hilo "kwa hivyo".

Hebu chora duara. Weka nukta mbili juu ya mzingo wake, uziunganishe kwa mstari: duara limekatika vipande 2. Weka nukta tatu, unganisha kila moja na mwenzake: vipande 4. Nukta nne, vipande 8. Nukta tano, vipande 16. Sasa nukta sita ni ngapi? Darasa zima hupiga kelele "32!" Chora, uhesabu taratibu, uangalie tu mistari mitatu isikutane mahali pamoja. Ni 31. Mtindo ulioonekana mara nne umevunjika mara ya tano, na wewe nawe umeniletea wa mara nne.

Basi nusu iliyobaki ni hii. Gawanya kwa 7, utazame masalio peke yake. 2 inabakisha 2. 4 inabakisha 4. 8 inabakisha 1. Ukizidisha kwa 2 tena, salio 1 linakuwa 2, na tumerudi tulikoanza. Kila salio laamua salio linalofuata, kwa hivyo mzunguko wa 2, 4, 1 hauna mlango wa kutokea hata ufike kipeo cha milioni. 2ⁿ − 1 inagawanyika kwa 7 pale tu salio la 2ⁿ likiwa 1, na 1 hutokea kila hatua ya tatu, wala si penginepo. Mistari minne, na hakuna tena wa kukuuliza "je, kama ni 300?"

Na tazama unachopata bure: 2ⁿ + 1 haigawanyiki kwa 7 kabisa, maana ingehitaji salio 6, na 6 haimo kwenye mzunguko. Hilo nalo liliulizwa. Swali hili lilikuwa la kwanza kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, mashindano ya wanafunzi wa sekondari, ya mwaka 1964 kule Moscow, na lilikuwa na sehemu zote mbili. Siku hizi kila swali la olimpiadi lina alama 7, na wasahihishaji wanazitoa kwa hoja. Namba ya mwisho ikikaa peke yake haishibishi mtu.

*Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi nauza mahamri asubuhi. Nayafunga kwenye vifuko vya matano na vya manane. Binti yangu aniambia mteja akitaka mahamri 27 kamili sitaweza kumpa bila kufungua kifuko, lakini kuanzia 28 kwenda juu naweza idadi yoyote. Nimejaribu 28, 29 na 30, nimeweza. Lakini yeye ajuaje ya mbele huko ambako hajafika?*
*Mama wa mahamri, Mkomani*

Waaleikum salaam, mama. Umejaribu tatu, ongeza mbili tu. 28 ni vifuko vinne vya tano na kimoja cha nane. 29 ni kimoja cha tano na vitatu vya nane. 30 ni sita vya tano. 31 ni vitatu vya tano na viwili vya nane. 32 ni vinne vya nane. Sasa unazo idadi tano zinazofuatana, na hapo kazi imekwisha: 33 ni 28 pamoja na kifuko kimoja cha tano, 34 ni 29 pamoja na kimoja cha tano, hivyo hivyo mpaka umwuzie gavana. Binti hakuhitaji kufika huko mbele.

Na 27? Toa vifuko vya nane kimoja kimoja: usipotoa zipo 27, ukitoa kimoja zabaki 19, viwili 11, vitatu 3. Hakuna hata moja inayogawanyika kwa 5. Imeshindikana, na imeshindikana kwa kila mtu, si kwako tu.

Mwambie binti kuna kanuni: zidisha, halafu utoe zote mbili. 5 × 8 ni 40, toa 5, toa 8, ni 27. Lakini kanuni inataka namba mbili zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Ukianza kufunga vya manne na vya sita, mteja wa mahamri saba ataondoka mikono mitupu, na wa 701 vilevile, kwa sababu idadi yako itakuwa shufwa daima.

Liko jambo tamu zaidi, ambalo Sylvester, Mwingereza wa karne ya 19, alilithibitisha. Kuanzia 0 hadi 27 kuna namba 28. Zipange mbili mbili zinazojumlika kuwa 27: 0 na 27, 1 na 26, 10 na 17, na kuendelea. Katika kila jozi, moja inawezekana na mwenziwe hawezekani, bila kukosa. 10 wawezekana, 17 haiwezekani. 26 wawezekana (mbili za tano na mbili za nane), 1 haiwezekani. Kwa hivyo idadi usizoweza kuuza ni 14 kamili. Mwachie binti athibitishe kwa nini kila jozi yagawana hivyo. Akiweza, nitachapisha uthibitisho wake badala ya wangu.

*Mwalimu, nina punda wa kubeba mawe. Zizi liko mita 60 kutoka maji, nyumba inayojengwa iko mita 100 kutoka maji, na ukipima kandokando ya ufuo kati ya zizi na nyumba ni mita 120. Jahazi laweza kushusha mawe popote ufukweni. Lishushe wapi ili punda atembee njia fupi kabisa, zizini mpaka majini mpaka kwenye nyumba?*
*Mwenye punda, Shela*

Bwana, afadhali umeuliza ukiwa Shela. Ungekuwa Mkomani, kwa vichochoro vile, ningekwambia mwulize punda.

Ivuke nyumba upande wa pili wa maji kwa mawazo: mita 100 baharini, sawasawa na ilivyo mita 100 nchi kavu, kama kivuli chake kwenye kioo. Punda akitoka zizini akigusa maji mahali fulani, umbali wa kutoka hapo hadi nyumba ya kweli ni sawa na hadi nyumba ya kioo. Kwenda nyumba ya kioo njia fupi ni mstari mnyoofu, na mstari huo unakata ufuo mahali pamoja tu. Kwa kimo ni 60 na 100, yaani 160; kwa upana ni 120. Pembetatu ya 120, 160, 200. Njia fupi ni mita 200, na jahazi lishushe mita 45 kutoka mkabala wa zizi, kuelekea upande wa nyumba. Heron wa Aleksandria alitumia wazo hilihili kueleza mwanga unavyorudi kwenye kioo.

Maji yakipwa mita 20 hesabu inabadilika: 80 na 120, mahali pa kushushia pasogea hadi mita 48 na njia inakuwa kama mita 233. Na kama wewe ni mtu wa huruma, kumbuka hii ni njia fupi, si njia nyepesi. Punda huenda majini mtupu na kurudi na mzigo. Ukihesabu kila mita ya mzigo kama mita mbili, kioo hakifai tena, na jahazi litabidi lisogee karibu zaidi na nyumba. Hiyo ndiyo hesabu ya mwanga unapopinda ukiingia majini. Niandikie ukiitaka.

*Mwalimu, sisi ni wazee wa barazani, bao letu ni la kila jioni. Kijana mmoja alipita, akasimama nyuma yetu, akasema: wakati wowote mchezo unapoendelea, hata asipotazama, kuna mashimo matatu yenye kete sawasawa. Tumemwekea mitego, hatujamshika. Ni hesabu au ni nini?*
*Wazee wa bao, Amu*

Ni hesabu, wazee wangu. Tena kijana amewapunja. Si matatu. Ni saba.

Twendeni polepole. Bao lina mashimo 32, na kete ni 64. Wakati wa kunamua, yaani mwanzoni kete zinapoingizwa moja moja, ziko chache zaidi ubaoni, nyingine ziko mikononi, lakini hazizidi 64 kamwe. Shimo tupu nalo lina idadi: sifuri. Tukubaliane hapo kwanza, maana ubishi wa barazani huanzia hapo.

Kijana nadhani alifikiri hivi. Je, mashimo yanaweza kuwa na idadi ngapi tofauti? Kwa kete chache kabisa, moja lina 0, jingine 1, jingine 2, hadi 10. Jumla ya 0 hadi 10 ni 55. Ukitaka idadi ya kumi na mbili, lazima uongeze shimo lenye 11 au zaidi, na jumla inafika 66. Hamna kete hizo. Kwa hivyo idadi tofauti haziwezi kuzidi 11. Mashimo 32 yakigawana idadi 11, kama kila idadi ingekuwa na mashimo mawili tu yangetosha 22. Yapo 32. Basi kuna idadi yenye mashimo matatu au zaidi. Hoja safi, na ningempa alama.

Lakini hakuikamua. Alihesabu kete kwenye hatua ya kwanza, kwenye ya pili akazisahau. Hebu tumbane zaidi. Tuseme mtu anadai ameyapanga mashimo hata hakuna idadi inayoshirikiwa na mashimo zaidi ya sita. Angetumia kete chache kadiri gani? Ubahili wa mwisho ni huu: mashimo sita matupu, sita ya moja moja, sita ya mbili mbili, sita ya tatu tatu, sita ya nne nne. Hayo ni mashimo 30, na kete ni 6, na 12, na 18, na 24, yaani 60. Mashimo mawili yaliyobaki hayawezi kuwa na 0, 1, 2, 3 wala 4, maana nafasi hizo zimejaa. Kila moja lina 5 au zaidi. Jumla ni 70 kwa uchache. Nyinyi mnazo 64. Huyo mtu anasema uongo, na hamhitaji kulitazama bao lake kumjua.

Kwa hivyo daima, kuanzia kete ya kwanza ya namua hadi mwenzenu aishiwe, kuna mashimo saba yenye idadi sawa.

Sasa swali ambalo mshindani wa kweli huuliza kabla ya kuweka kalamu chini: je, ni manane? Hapana. Pangeni hivi: mashimo saba matupu, saba ya moja, saba ya mbili, saba ya tatu, matatu ya nne, na moja la kumi. Hesabuni: mashimo 32, kete 7, na 14, na 21, na 12, na 10, jumla 64. Hakuna idadi yenye mashimo manane. Hapa nazungumzia kete zilizowekwa kwa mkono, sheria za mchezo kando. Saba ni mpaka wenyewe. Hausogei juu wala chini.

Sehemu hii ya hesabu ndiyo inayohusu kuhesabu na kupanga, na wanafunzi huiogopa kwa sababu haina kanuni ya kuchomeka namba. Nyinyi mmekaa nayo barazani miaka yote. Kijana akipita tena, mwambieni saba, halafu mumwulize kwa nini si nane.

*Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha pili hapa Malindi, na ameanza kukesha na maswali ya olimpiadi. Jamaa zangu wasema hayo ni mambo ya wavulana na ya Ulaya, tena yatamharibia KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Nimwache au nimzuie?*
*Baba, Malindi*

Ndugu yangu, nianze na jamaa. Olimpiadi ya Kimataifa ilianza mwaka 1959 nchini Romania kwa nchi saba tu. Leo zinakuja zaidi ya mia. Olimpiadi ya Afrika ipo tangu 1987, na mwaka 2014 ile ya kimataifa ilifanyika Cape Town, mara ya kwanza katika bara letu. Ulaya ilikwisha toka kwenye hadithi hiyo zamani. Kuhusu wavulana, waambie habari za Maryam Mirzakhani wa Iran: medali ya dhahabu mwaka 1994, nyingine 1995 kwa alama 42 juu ya 42, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields, ambayo wanahisabati hawana tuzo wanayoiheshimu zaidi. Kuna hata olimpiadi ya wasichana ya Ulaya, iliyoanza Cambridge mwaka 2012.

Kuhusu KCSE, hofu yako ina mguu mmoja. Karatasi ya hisabati ya KCSE ni saa mbili na nusu kwa maswali 21: kumi na sita ya lazima, na matano ya kuchagua kati ya manane. Ni kama dakika saba kwa swali. Olimpiadi ni siku mbili, kila siku saa nne na nusu kwa maswali matatu, bila kikokotoo. Dakika tisini kwa swali! Mtoto aliyezoea dakika tisini anaweza kuingia KCSE akakwama kwenye swali la tano akilichezea, huku wenzake wako la kumi na mbili. Kwa hiyo akiingia kidato cha nne apunguze. Sasa hivi yuko cha pili, mwache. Lakini usingizi wake ulinde. Kukesha hakumsaidii mtu.

Na ukitaka kujua anafanya nini usiku, kaa naye kwenye swali la kwanza kabisa la olimpiadi ya kwanza, ile ya 1959. Thibitisha kwamba sehemu yenye 21n + 4 juu na 14n + 3 chini haiwezi kurahisishwa, n iwe namba nzima yoyote. Usijaribu n = 1, n = 2; huko hakuishi. Fanya hivi: kama kuna namba inayogawanya ya juu na ya chini, inagawanya tofauti yao, ambayo ni 7n + 1. Basi inagawanya pia mara mbili yake, 14n + 2. Lakini ile ya chini ni 14n + 3. Tofauti ni 1. Namba inayogawanya 1 ni 1 peke yake. Kwisha. Euclid alijua njia hiyo miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, na binti yako ameisoma darasa la msingi kwa jina la kigawo kikubwa cha shirika. Hakuna aliyemwambia kwamba inafika mpaka hapa.

*Mwalimu, siku hizi programu za simu zinajibu kila kitu. Kwa nini nijisumbue?*
*Kijana wa gatini*

Mwaka 2025 Google DeepMind ilitangaza programu yake imepata alama 35 kati ya 42 kwenye maswali ya olimpiadi ya mwaka huo, kiwango cha dhahabu. Ilimaliza matano, la sita likaishinda. La sita lilihusu kufunika vyumba vya ubao wa 2025 kwa 2025 kwa vigae, na wako wanafunzi walioliweza. Kuhusu kujisumbua, mimi sikulazimishi. Wazee wa bao nao hakuna anayewalipa.

Swali la toleo lijalo. Majahazi tisa yametia nanga ndani ya eneo la mraba lenye ubavu wa mita 200. Kila jahazi lichukulie kama nukta. Thibitisha kwamba, yatie nanga vyovyote, kuna matatu ambayo pembetatu yake haina eneo zaidi ya mita za mraba 5,000. Yakiwa kwenye mstari mmoja, eneo ni sifuri na yanahesabika. Mchoro unaruhusiwa. "Kwa hivyo" moja inaruhusiwa pia, ikiwa imeletewa sababu. Mwanafunzi wa Langoni, nakungoja.